Hakuwa na Shoga, na Hakupungukiwa

Marehemu mdogo wangu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Juni 1958, baba fundi viatu, mama muuza mkaa. Mgongo uliombeba ni huu wangu, kwa hiyo asinisahihishe mtu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1972. Mimi niliishia la pili. Nikisoma polepole, vumilieni.

Mwaka 1975 aliingia karakana ya ushonaji pamoja na shoga yake. Chanda na pete! Nguo sare, siri moja. Agosti 1979 yule shoga akakata gauni la bibi harusi, mikono yote miwili ya kushoto. Mwenye karakana alipouliza nani kakata, akamnyooshea kidole marehemu. Akafukuzwa siku hiyo hiyo. Akaniambia, "Dada, mkasi ningeusamehe. Ulimi, hapana." Hakutafuta shoga mwingine. Akashona mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja, na hakuna mgonjwa aliyelalia shuka lililofumuka.

Aliolewa tarehe 17 Desemba 1983 na dereva wa gari la wagonjwa, mpole mpaka honi anaipiga kama anaomba radhi. Wakanong'ona, "Hana shoga, atasimamiwa na nani?" Nikamsimamia mimi. Ndoa ilivunjika? Haya.

Figo zilimshinda. Alilazwa wiki sita, nasi tukagawana siku: mumewe, mabinti zake wawili, wenzake wawili wa chumba cha mashuka, jirani yake muuza maziwa, na mimi. Watu saba, siku saba. Muuguzi akamuuliza, "Bibi, rafiki yako hasa ni yupi?"

"Hakuna, mwanangu. Hawa wana zamu."

Alifariki tarehe 3 Februari 2023, saa nne asubuhi, zamu yangu. Alinibana mkono: "Dada, makaburini wasinionee huruma."

Sasa kamati ikataka kuweka kwenye ratiba "Neno la rafiki wa karibu". Na yule wa karakana kaja, kakaa mstari wa pili, karatasi mkononi. Neno hilo nimelifuta. Watu wa zamu, simameni muonekane. Wewe wa mikono miwili ya kushoto, kaa. Kulia, ruksa. Kusema, hapana.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na dada yake. Mdogo wangu, pumzika kwa amani; ni yako, hukuazima kwa mtu.