Wasifu wa Pili wa Onésime Kakule, Fundi wa Vikwembe wa Bulengera

Wapendwa katika Bwana, jamaa na majirani, Mungu awatie nguvu. Mimi ni Rébecca Kavugho, dada mdogo wa marehemu Onésime Kakule Lusenge. Jamaa walinipa kazi ya kuandika maisha yake kwa sababu nilifundisha shule miaka ishirini na minne, na kwa sababu nina mdomo. Jumamosi niliandika wasifu wa kwanza. Jina la mke wake, Hadassa, halikuwamo. Sababu mnaijua, maana tangu Alhamisi kilio hiki kina minong'ono kuliko nyimbo: eti Onésime alilishwa sumu, na aliyemlisha ni Hadassa. Jamaa waliamua asikae mahali pa mjane, na maziko yakiisha arudishwe kwao Mbau, ambako hakubaki mtu wa kwao hata mmoja; waliopona mauaji walikimbilia Beni. Msitafute mbali aliyeanzisha maneno hayo. Ni mimi. Huu ni wasifu wa pili, na nitausoma wote, hata kama kuna wanaonikonyeza nifupishe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1971 hapa Bulengera, mjini Butembo, mwana wa Phinées Lusenge na Julienne Kahambu, ambao wote wametangulia. Jina Kakule linajieleza: alikuwa mwana wa kiume wa nne. Mama alitusimulia kwamba tangu ananyonya alikuwa anamkazia mtu macho muda mrefu kabla ya kukubali kubebwa. Ukimpa kipande cha muhogo anakigeuza pande zote. Baba alikuwa akisema, “Huyu mutoto iko sawa mutu ya douane,” yule wa forodha anayefungua kila mzigo. Basi shaka hakufundishwa na mtu, alikuja nayo.

Alisoma shule ya msingi hapa Bulengera kuanzia 1977 hadi 1983, kisha akapelekwa Beni kwenye shule ya ufundi, upande wa mekanike. Mwaka wa tatu alisimama darasani akamwambia mwalimu wake, Maître Étienne, “Maître, hii règle yako iko na bongo,” yaani rula ile inasema uongo. Alifukuzwa, akaambiwa asirudi bila mzazi. Baba alipanda lori la makaa kutoka Butembo, ndani ya koti ameficha rula ya seremala, kwa maana na yeye alitaka kujua. Wakapima mbele ya darasa zima. Rula ya mwalimu ilipungua milimita mbili. Maître Étienne alicheka mpaka akavua miwani, akampa Onésime ile rula aende nayo. Marehemu alipata diploma ya Serikali mwaka 1989.

Kuanzia 1990 hadi 2008 alitengeneza mashini za kuchambua kahawa. Mwaka 2009, yeye na Melchior, rafiki yake tangu shule ya Beni, walileta kutoka Uganda, kwa njia ya Kasindi, mashini kuukuu ya kuchapa vikwembe, vitenge vya wamama. Ina rulo tatu, magogo ya chuma yanayozunguka, na kila rulo ina rangi yake. Nguo inapita kwenye ya kwanza inapata nyeusi, ya pili nyekundu, ya tatu manjano. Rangi zikikosana hata kwa upana wa punje ya mchele, ua linageuka uchafu. Na zilikosana kweli! Mwaka 2011 wamama wa kanisa waliagiza kikwembe chenye njiwa kwa ajili ya sikukuu yao. Kilipotoka, jicho la njiwa lilikuwa shingoni, jekundu, linachuruzika. Mama mmoja alikinyanyua mbele ya watu akauliza, “Hii njiwa inaomba, ao banaichinja?” Mzigo wote ulirudishwa.

Onésime aliona kuna mtu anayelegeza nati za mashini, na mtu huyo hakuweza kuwa mwingine ila Melchior, mwenye ufunguo wa pili wa atelye, karakana yao. Lakini hakumwambia kitu. Alifunga uzi mwembamba wa kushonea kwenye kila nati, akasubiri wiki tatu. Hakuna uzi uliokatika. Rangi ziliendelea kukosana asubuhi, na mchana zilikutana vizuri. Akajiuliza ni mwizi gani huyu anayeiba asubuhi na kurudisha mchana. Basi akaanza kukishuku kitambaa chenyewe. Alining'iniza ukanda wa kitambaa ukutani, akaufunga jiwe, na kila saa akaweka alama ya kalamu mahali jiwe lilipofika. Kumbe asubuhi kitambaa kilikuwa kinakunywa ukungu wetu wa Butembo na kurefuka, na jua likiwaka kinafupika.

Kuanzia hapo alipitisha nguo kwanza juu ya pipa la moto ili ikauke, akaigandisha kwa gundi kwenye mkanda wa mashini isiteleze, kisha akabuni kigurudumu kidogo kinachopapasa alama kwenye ukingo wa nguo na kuiambia rulo inayofuata ipunguze au iongeze mwendo. Tangu 2014 macho ya njiwa yalikaa kichwani. Watu walikuja kuchapisha kutoka Beni, kutoka Oicha, na wengine walishuka na ndege pale Rughenda kuja kuona kile kigurudumu tu. Alikuwa anakifunika kwa gunia wakiingia. Lakini urafiki wake na Melchior ulikwisha, kwa kuwa Melchior aliziona zile nyuzi. Melchior alirudisha ufunguo, akaondoka.

Marehemu alifunga ndoa na Hadassa Kyakimwa tarehe 22 Julai 1995, huko Mbau. Wenye umri wangu mnakumbuka siku alipofika kwa wakwe mara ya kwanza. Alipewa kikombe cha chai. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu ndani. Siku hiyo shemeji zake walisahau. Onésime alikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Watu wakaanza kuangalia chini kwa haya. Hadassa alitoka jikoni, akakichukua kile kikombe, akanywa nusu, akamrudishia.

“Kunywa,” akamwambia. “Sasa tutakufa bote.”

Tangu siku hiyo, karibu miaka thelathini, hakumpa chai, maji wala mchuzi bila kuonja kwanza mbele ya macho yake. Mungu aliwapa watoto watatu: Jéthro, Bénite na Shalom.

Desturi hiyo ya nyumbani, Onésime aliipeleka kazini. Wachuuzi walikuwa wanachanganya gundi na unga wa muhogo. Ile poda ya rangi ya chungwa, inayopakwa kwenye rulo ili picha ishike, waliichanganya na vumbi la tofali. Kwa hiyo hakununua kopo bila kuligusa kwa ncha ya ulimi. Anatema mate, anatikisa kichwa, “Hii ni mihogo, rudisha.” Soko zima lilimwogopa. Sisi wa nyumbani tulicheka na kusema, huyo hadanganyiki. Hadassa peke yake hakucheka.

Novemba 2023 miguu yake ilianza kuvimba. Aprili 2024 alipelekwa hospitali huko Beni, na munganga, daktari wa pale, akasema figo zimechoka sana. Alikatazwa chumvi, akapimiwa maji: vikombe viwili kwa siku, basi. Mwezi wa tano mwaka huu nilikuja kukaa kwake nisaidie kumwangalia, na hapo macho yangu yakaanza kazi. Niliona Hadassa anampa kikombe bila kuonja. Siku ya tatu nikamuuliza, “Mbona hauonje tena?”

Akajibu, “Shemeji, ile maji ni kidogo.”

Nikasema moyoni, jibu gani hili? Tarehe 3 Juni, nikitafuta sufuria jikoni kwake, nilikuta nyuma ya gunia la maharagwe kopo limefungwa vitambaa vitatu. Ndani kuna poda ya rangi ya chungwa. Ee Mungu wangu! Sikumuuliza Hadassa. Sikumuuliza hata kaka yangu, aliyekuwa bado anaongea. Nilirudisha kopo mahali pake, nikaanza kuhesabu vikombe.

Ndugu yetu alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne za asubuhi, hospitalini Beni, akiwa na miaka hamsini na minne. Kabla mwili haujafika Butembo, mimi nilikuwa nimeshawaambia jamaa. Hadassa aliitwa mbele ya baraza la wakubwa. Hakulia wala hakupandisha sauti.

“Nilificha ile kopo ili asionje tena,” alisema. “Mumuulize yeye.”

Yeye nani? Yeye alikuwa kwenye sanduku. Tukasema, angalieni ujanja huo.

Jumatatu nikasikia Melchior amefungua atelye. Ijumaa nilikuwa nimemwona anaipima mashini kwa mita wakati sisi tunalia, kwa hiyo nilipanda pikipiki mbio, nikamkuta amepiga magoti chini ya rulo.

“Mwizi we!” nikapiga kelele. “Hata kaburi haiyachimbwa!”

“Mama Rébecca, ninalegeza rulo,” akasema. “Bakiiacha hivi, itapindama. Na nilipima kwa kushona kifuniko, vumbi isiingie. Yeye mwenyewe alinitumia mutu na ufunguo mwezi wa ine, akaniomba niichunge.”

Sikumwamini. Nikamwambia aonyeshe mikono. Mkononi alikuwa na kayé, daftari alilolitoa kwenye sanduku la vyombo. Alikuwa ameshaisoma, nilijua kwa uso wake. Akanipa nisome.

Ni maandishi ya kaka yangu, miaka kumi na mmoja. Tarehe, jina la muuzaji, na safu ya tatu imeandikwa juu yake: Ulimi. Kali. Safi. Mihogo. Tofali. Kali. Kurasa na kurasa. Mwishoni anaandika hivi: “14 Desemba. Hadassa ameficha kopo. Anasema itaniua. Nimenunua ingine.” Halafu: “2 Machi. Ameficha tena, analia. Nimeonja kidogo tu.”

Jumanne nilipeleka kayé na kopo kwa munganga wa Beni. Alisema poda hiyo inakula figo, hata ikigusa ngozi tu, na kaka yangu alikuwa anaishika bila gan, yaani glavu. Akauliza ni nani aliyemwacha aonje. Nilimjibu kwamba tulimwacha sote, tena tukicheka. Kisha nikamuuliza kuhusu maji. Akaniambia mgonjwa wa namna ile huwa anaota maji, na kila funda lake ni mali. Ndiyo maana Hadassa hakuonja. Hakutaka kumpunguzia.

Kaka yangu alimshuku mtu asiye na kosa, na hilo lilimgharimu rafiki. Lakini alifunga uzi, akasubiri wiki tatu, wala hakumtukana Melchior mbele ya mtu. Mimi sikufunga uzi. Nilifungua mdomo, na ninyi mkaupokea haraka kama mikate ya moto. Nina haya, na nataka mniangalie nikiwa nayo.

Marehemu anaacha mjane, Hadassa Kyakimwa. Watoto watatu, Jéthro, Bénite na Shalom. Dada mmoja, mimi, niliyebaki peke yangu katika watoto wa mama yetu. Na rafiki, Melchior, aliyerudi alipoitwa. Jana wakubwa wawili wa jamaa walitaka jina la mjane lisisomwe. Nimelisoma. Hadassa, shemeji, sikuombi unisamehe hapa, maana mbele ya watu wote hawa ungelazimika kusema ndiyo. Ninakuomba usimame tu, uje mbele. Mchungaji atangoja. Kwa desturi yetu mjane ndiye anayetupa udongo wa kwanza, na hakuna mkono utakaoingia katika udongo ule kabla ya wako.

Bwana ampumzishe Onésime kwa amani, na sisi tulionong'ona asitupumzishe, mpaka tumepita nyumba kwa nyumba tukiyameza maneno yetu.