Unga Kwenye Utepe wa Mwisho

Ndugu waombolezaji, kwa idhini ya shemeji yetu mjane, aliyeketi hapa mbele, familia inawasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Vumbi, naye akaitika.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akamaliza sekondari mwaka 1976, chuo mwaka 1981, kisha akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa msitu wa mvua, kupima chembe hai zinazoelea hewani, chavua za maua na spora za kuvu, akipanda mnara kila Jumatatu kubadili utepe wa gundi unaonasa hewa ya wiki nzima, na kuusoma kwa hadubini.

Mwaka 1984 alimwoa mwokaji mikate, wakajaliwa mabinti pacha. Mwaka uliofuata aliona kwenye utepe chembe ngeni, nyingi ajabu, akaziandikia ripoti na kuzipa jina, mpaka mwenzake wa maabara akamwonyesha kuwa ni unga wa ngano, uliotoka kwenye koti ambalo mkewe alimfungia vifungo kila asubuhi. Alirudi nyumbani akasema, mke wangu, nimegundua mkate. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini tangu hapo, kila Jumatatu, shemeji alimuaga kwa mbali, mikono nyuma, akimwambia, nenda Baba Pacha, nisije nikakuchafulia msitu.

Mwaka 2015 alianza kuugua moyo. Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2017 vifungo vya koti vilimshinda, mkewe akamfungia. Alipanda, akaweka utepe mpya, akashuka, kesho yake akalazwa, na Alhamisi alfajiri akafariki.

Jana wenzake waliushusha utepe huo, wakakuta unga. Utepe wa namna hiyo hutupwa, ila waliona vigumu, wakaja kumuuliza shemeji, ambaye tangu Alhamisi hajalia, huuliza tu kama tanuri limezimwa. Aliuinua kwenye mwanga, hakuona kitu. Akauliza, chembe hizi ni zangu? Wakasema ndiyo. Akasema, basi zihesabuni pamoja na za msitu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wenzake wa kituo, ambao wamezihesabu.

Baba Pacha, koti lako limefungwa vifungo vyote, na aliyelifunga hakunawa mikono. Pumzika kwa amani.