Yakobo wa Ghalani, Mwenzetu Hadi Jumatatu

Jumatatu, tarehe 30 Juni, Bwana Yakobo Obedi anatimiza miaka thelathini na moja ya utumishi katika kampuni yetu ya kusafirisha mizigo ziwani, na siku hiyohiyo anastaafu. Kamati ya sherehe ilinisihi niuanze wasifu huu kwa furaha, na mimi Rebeka wa dawati la nyaraka nilikubali kwa sababu mbuzi walikuwa wameshanunuliwa. Ila hakuna aliyekaa kwenye bwalo hili leo asiyejua kwamba usiku wa Jumatatu hiyo nchi ya ng'ambo, alikozaliwa Yakobo, inatoka rasmi kwenye jumuiya ya biashara tuliyokuwa nayo pamoja. Kibali chake cha kuishi Mwanza kilisimama kwa miguu miwili, kazi yake na ile jumuiya. Miguu yote miwili inakatika siku moja.

Basi tuanze na mambo mazuri, tusije tukashindwa kula.

Yakobo alifika Mwanza akiwa kijana wa kupakua mizigo kwenye meli ya sabuni kutoka ng'ambo. Malaria ikamwangusha bandarini, na meli ikaondoka bila yeye. Baba yake mkurugenzi wetu wa sasa, marehemu Mzee Akbarali, alimkuta amejikunyata kwenye magunia, akampeleka hospitali, na alipopata nafuu akampa kazi ya kuhesabu mzigo wakati anasubiri meli irudi. Meli ilirudi mara nyingi tu. Yakobo kila mara alikuwa na sababu ya kutopanda, na baadaye tuligundua sababu hiyo inaitwa Dorcas, mwalimu wa shule ya msingi kule Butimba.

Kiswahili chake cha siku zile, jamani, acha tu. Wapagazi walijitolea kumfundisha na salamu za Kisukuma, lakini wakamfundisha moja tu, mwangaluka, ambayo ni ya asubuhi. Wakamwacha aitumie asubuhi, mchana na usiku, wao wakifa kwa kicheko nyuma ya magunia. Siku alipokwenda kujitambulisha kwa baba mkwe, Mzee Machibya, alifika jua linazama, akapiga goti na kusema mwangaluka kwa sauti ya kanisani. Mzee aliguna, akasema kijana huyu ama amechelewa sana ama amewahi sana, na kwamba kwa vyovyote vile apewe chakula. Ndoa ikapita. Leo wana nyumba yao Ilemela, juu ya mawe, ambako hata mbuzi wanapanda kwa kufikiri, na watoto watatu ambao wote ni watu wazima wenye kazi zao.

Kutoka kuhesabu mzigo akawa karani wa mizigo, kisha msimamizi wa ghala namba mbili, cheo alichodumu nacho mpaka leo. Hakuwa malaika. Aliwahi kupeleka mashudu ya ng'ombe kwa mwoka mikate mmoja wa mjini, na unga wa ngano ukaenda kwa mfugaji, na yule mfugaji ndiye pekee ambaye hakulalamika. Lakini mwaka ziwa lilipojaa na maji kuingia ghalani, ni Yakobo aliyewaamsha wapagazi wote na kuupandisha mzigo juu ya mbao. Mchele wa watu ulipona. Viatu vyake vilikwenda na maji na hajaacha kutukumbusha.

Sasa niseme kuhusu herufi W, kwa sababu huwezi kumwelewa Yakobo bila hiyo herufi.

Jumuiya ilipoanza, mzigo uliotoka nchi wanachama ulikuwa haulipiwi ushuru ukiwa na cheti cha kuonyesha ulikozalishwa. Ulitoka bandarini siku hiyohiyo. Mzigo wa kutoka mbali ulikaa kusubiri taratibu zake. Maofisa walileta bango la kubandika ukutani, lenye maneno marefu kuhusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, na wapagazi walilitazama kama wanavyotazama maelezo ya dawa. Yakobo alichukua chaki. Kila gunia na kila katoni iliyotoka ndani ya jumuiya akaichora W kubwa. Alipoulizwa maana yake, alijibu kwa mkato: "Wenzetu." Toka siku hiyo ghala lote likafuata chaki yake, na hata madereva wa malori wakajifunza kuuliza kama mzigo wao ni wa wenzetu au vipi.

Winnie wa mapokezi atanisamehe, ila hii lazima isemwe. Alipoajiriwa hakuna aliyemweleza habari za chaki. Wiki yake ya kwanza akapita ghalani, akakuta katoni za sabuni zimeandikwa W, mabati yameandikwa W, ndoo za mafuta ya kula zimeandikwa W, akaamini kabisa kwamba yule mzee wa ghalani anamtaka na ameshindwa kujizuia. Alikwenda kumsemea kwa mke wake! Mwalimu Dorcas alimsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha chai, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Urafiki wao ulianzia hapo, na Winnie ndiye mama wa ubatizo wa mjukuu wao wa kwanza.

Hayo ndiyo niliyotakiwa kuandika. Yanayofuata hakuna aliyenituma.

Mwaka jana, kwenye kampeni zao za uchaguzi, wanasiasa wa ng'ambo waliwaambia wananchi kwamba jumuiya inawanyonya, kwamba mchele wetu na dagaa wetu vinaua wakulima na wavuvi wao. Wakapigiwa makofi, wakashinda, na wakatimiza waliyosema, jambo ambalo kwa wanasiasa huwa hatulitarajii. Upande wetu nako hawakukosekana wa kujibu. Redioni kila asubuhi kuna mtu anapiga simu kusema waende zao, tena wamechelewa. Wanaosema hivyo wengi wao hawajawahi kusimama gatini wakaona nani anapakia nini.

Sisi tunaona. Wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba walianza kupunguza oda tangu Februari, wakiogopa ushuru utakaowakuta upande wa pili. Mchele umejaa maghalani na bei imeshuka, mkulima analia. Sabuni na mafuta ya kula kutoka kwao vimepanda hata kabla ya tarehe yenyewe, maana kila mwenye duka anaficha. Meli yetu moja kati ya tatu imefungwa kamba tangu Pasaka. Zamu ya usiku imefutwa. Wapagazi wa mkataba hawajaambiwa kama Julai watakuwa na kazi, na Bwana Akbarali, mkurugenzi wetu, alipotuita kutuambia tusiwe na wasiwasi, alikuwa ameshika kalamu bila kifuniko na imemchafua shati lote bila yeye kujua. Tulitoka pale na wasiwasi mara mbili. Hata wanafunzi wa ng'ambo waliopanga vyumba Nyegezi wanaulizana kama muhula ujao watahesabiwa karo ya mwenyeji au ya mgeni, na wenye nyumba wao wanaulizana kama watakuja kabisa.

Wiki iliyopita uliingia mzigo kutoka ng'ambo ambao tulijua hautatoka kabla ya tarehe moja Julai. Yakobo alikuwa ameshauchora, kwa mazoea. Ilibidi ufutwe. Vijana walitaka kumsaidia, akakataa, akachukua kitambaa na ndoo ya maji akafuta mwenyewe, katoni moja baada ya nyingine, na katika hizo zilikuwamo za kiwanda kilichoko jirani na kijiji alichozaliwa. Shimba, kiongozi wa wapagazi, akaona hali imekuwa nzito, akanyata nyuma yake na kumchora W kubwa mgongoni mwa koti. Tulicheka wote. Yakobo alivua koti, akaliangalia, akalikunja vizuri na kuliweka kwenye mfuko. Hakulikung'uta. Shimba akaenda kukaa peke yake upande wa mzani.

Watu wanauliza, tena wengine kwa kejeli, kwa nini miaka yote hiyo hakuomba uraia. Mimi mwenyewe nilimsumbua sana kwa hilo. Mama yake alikuwa hai mpaka mwaka juzi, na ili awe raia wa huku alitakiwa kuukana wa kule. Hakutaka mama yake asikie mwanawe amekana. Zaidi ya hapo alikuwa anasema kwamba jumuiya imeshamfanya mwenzetu, sasa aombe nini tena? Tulimwamini. Tulifikiri jumuiya ni kitu cha kudumu, kama barabara ikishawekwa lami. Ombi lake amelipeleka mwaka huu, na liko kwenye foleni ndefu ya watu walioshtuka kama yeye.

Mwezi uliopita tulikwenda naye idara husika, mimi na Mwalimu Dorcas. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu, alimwamkia Yakobo shikamoo, akasikiliza yote na hakutuonea. Alieleza kwamba kibali cha kazi kinakwisha pamoja na kazi, kwamba ndoa peke yake haimpi kibali, na kwamba nafuu iliyokuwapo kwa raia wa nchi wanachama inakwisha usiku uleule. Wakati ombi la uraia linasubiri, Yakobo anatakiwa atoke nchini, kisha aombe kuingia akiwa nje, kama mgeni anayekuja kutembea. Na mgeni wa namna hiyo lazima awe na mwenyeji wa kumwalika. Yule kijana alishusha macho aliposema mwenyeji anaweza kuwa mke.

Dorcas amefundisha darasa la nne maisha yake yote, na kalamu nyekundu haitoki mkobani mwake. Alipewa fomu ya mwaliko akakaa nayo pale kwenye benchi. Kila palipoandikwa mgeni, akakata na kuandika mume. Jina la mume. Anwani ya mume. Kwenye sababu ya ziara akaandika kwamba haji kutembea, anarudi kwake, na kwenye muda wa ziara akachora mstari mrefu mpaka nje ya karatasi. Nilitaka kupiga vigelegele. Yakobo alisimama dirishani, mabega yanamtikisika, na sikujua anacheka au vipi.

Ofisa aliipokea, akaisoma taratibu, akasema anaelewa, tena anaelewa sana, lakini fomu iliyokatwakatwa haiwezi kupokelewa. Akampa nyingine mpya. Dorcas alirudi nayo nyumbani. Juzi ameniletea nimsaidie kuipitia kabla haijapelekwa, na nimeipitia. Ameijaza kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wa ubaoni, bila doa. Palipoandikwa mgeni ameacha mgeni. Jina la mgeni: Yakobo Obedi. Sababu ya ziara: kusalimia. Muda wa ziara: siku tisini, kwa sababu ndizo nyingi kuliko zote zinazoruhusiwa. Nilimwuliza kama hana la kuongeza. Akasema, "Rebeka, nataka arudi, sitaki kushinda."

Kwa hiyo Jumatatu saa kumi jioni Yakobo atakabidhi funguo za ghala namba mbili, na saa kumi na mbili atapanda meli yetu wenyewe, safari hii akiwa abiria. Lile koti ameshalipakia. Atakaa kwa dada yake mpaka aitwe. Inaweza kuwa wiki tatu, inaweza kuwa miezi, na kuna watu wanasema, kwa sauti ya chini, kwamba inaweza isiwe kabisa, maana huko wakubwa wanavyotukanana hakuna anayejua kesho mpaka utafungwa upande gani. Naogopa. Nimeandika sherehe nyingi za watu wanaostaafu kwenye kampuni hii, na huwa tunawasindikiza mpaka geti, tunawapa godoro na redio, tunapiga picha. Hii ni mara ya kwanza tunamsindikiza mtu tukiwa tumeficha nusu ya tunayoyafikiri.

Bwana Yakobo, kwa niaba ya menejimenti, wapagazi, madereva, mabaharia na sisi wa nyaraka, tunakushukuru. Asante kwa ghala lililokuwa safi, kwa matani yako, kwa vijana uliowafundisha kubeba bila kuumia kiuno, na kwa kutukaribisha juu ya yale mawe yenu kila Krismasi. Mwalimu Dorcas, tutakuja Ilemela kila Jumapili, utake usitake, mpaka utuchoke.

Maisha mema na marefu ya kustaafu tunakutakia uyaishi hapa Mwanza. Huko ng'ambo, tusamehe ndugu, tunakutakia siku chache tu.