Januarius Luhende, Katekista Aliyebaki Kwenye Benchi

Baba yetu Januarius Luhende, ambaye leo tunamzika hapa Migato, alizaliwa Zagayu tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mzee Luhende Ngassa na mama Martha.

Alisoma hapo Zagayu hadi darasa la saba, mwaka 1967. Mwaka 1974 parokia ilimpeleka kusomea ukatekista kwa miaka miwili. Alirudi na daftari la sheria za Kanisa alilolinakili kwa mkono wake, na hakuna aliyezishika kama yeye. Mwanafunzi aliyekosa mafundisho mara tatu alirudia mwaka mzima.

Tarehe 22 Oktoba 1977 alifunga ndoa na mama yetu Benedikta. Walilima pamba na mahindi, wakajaliwa watoto watano.

Familia imekubaliana jambo hili lisemwe, maana mwenyewe hakulificha. Tarehe 9 Februari 1994, mvua ikinyesha, jirani yetu Milembe alifika mlangoni amebeba mtoto wa siku nne.

"Mwalimu, mbatize. Anaondoka."

Baba akamjibu, "Hamjafunga ndoa. Mlete kwanza baba yake."

Milembe akaenda na mtoto shambani kumwita. Walipokuwa njiani kurudi, mtoto akafa.

Paroko alipopata habari alimwuliza baba, "Mtoto mahututi hata mama yake anaruhusiwa kumbatiza. Hukufundishwa?"

Alikuwa amefundishwa. Hayo yalikuwa yameandikwa kwenye daftari lile lile.

Aliungama, akaondolewa dhambi. Hakumkatalia mtu tena. Lakini tangu siku hiyo hakupokea Komunyo. Aliandaa mamia ya watoto wa kigango hiki kwa Komunyo ya kwanza, wakapanda altareni, yeye akabaki kwenye benchi. Tukimwuliza, alisema, "Nimesamehewa, ila sistahili."

Mvua ikinyesha na mtu akabisha hodi, alikimbilia mlangoni na kikombe cha maji. Siku moja aliyebisha alikuwa mchuuzi wa kuku kutoka Lagangabilili. Aliyanywa yale maji, akashukuru sana, akamsifu mzee kwa ukarimu. Baba alimshukuru, akaingia ndani, akalia.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa Bariadi na Mwanza. Mwaka huu wa 2025, mwezi wa tano, alikuwa hainuki tena kitandani. Jumapili tarehe 11 Milembe alikuja, akamwamkia.

"Mwangaluka, mwalimu. Kesho padre anakuja. Utapokea."

"Mimi? Baada ya mtoto wako?"

"Mtoto alikuwa wangu. Nilikusamehe mwaka ule ule, na nikakuambia. Unamngoja nani mwingine?"

Jumatatu baba alipokea Komunyo, baada ya miaka thelathini na moja. Alipomeza tu, alimgeukia Milembe. "Ni kweli ulinisamehe?"

"Ni kweli, mwalimu."

Jumanne akauliza tena. Jumatano pia, na Alhamisi. Kila siku Milembe alitembea kuja kumjibu.

Ijumaa tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi, alimtazama Milembe muda mrefu, hakuuliza. Kisha akakata roho. Hatujui kama alikuwa ameamini, au alikuwa amechoka.

Ameacha mjane, Benedikta. Watoto watano, Thomasi, Anna, Elia, Violeth na Marcelo. Na wajukuu kumi na wanne.

Mungu ampumzishe, ampe amani ambayo sisi hatukuweza kumpa.