Chipu ya Bajaji ya Asteria

Benchi letu liko Same mjini, kwenye kona ambapo barabara inaacha lami na kuanza kuparamia milima. Mimi Jabiri nauza kahawa hapo mwaka wa kumi na moja sasa, na nasema wazi kwamba wateja wangu wananichosha. Kuna Waziri, karani mstaafu wa ushirika, ambaye hajawahi kuwa waziri hata nyumbani kwake. Kuna Injinia, yaani Kaleb, fundi simu. Kuna Hakimu, Mzee Tumainieli, ambaye ameshapeleka kesi kumi na nne baraza la kata, mojawapo dhidi ya jogoo. Mbele ya benchi inakaa bajaji ya umeme ya Asteria, tunayomlindia kila asubuhi anapokwenda kuuza tangawizi sokoni. Wiki tatu hizi inatoka hapa vizuri, ikifika kona ya pili ya mlima inazima. Tukasikia redioni kwamba dunia ina uhaba wa chipu, zile za ndani ya magari ya umeme, basi tukaujua ugonjwa wake.

Asubuhi hiyo Asteria alifika amenuna.

— Shikamooni. Leo ndiyo mwisho. Nimeichaji usiku kucha. Mama ana magunia sita ya tangawizi kule juu, na lori la mnunuzi linapita hapa kesho saa nne. Ikizima tena, namuuzia yule jamaa wa Mwanga aikate vipuri.

— Marahaba, mwanangu, akasema Waziri. Usiuze. Tatizo si lako, ni la sera ya uchumi wa taifa.

— Sera itabeba magunia? Nilindieni, saa tano narudi.

Akaenda zake. Roho iliniuma, maana bajaji ile aliihangaikia miaka minne. Nikawasha birika la umeme alilonifungia Injinia tangu mkaa ulipopanda bei, nikawamiminia.

— Sikilizeni, akasema Waziri. Wenzetu wanatubania chipu. Na sisi tuwabanie jasi ya Makanya. Dari za dunia nzima ni jasi. Tukifunga mwezi mmoja tu, watalala wakihesabu nyota. Chipu watazileta wenyewe, na kuku wawili juu.

— Za kuletewa za nini, mzee? akadakia Injinia. Chipu ni mchanga! Nimesoma humu.

Akainua simu yake, na waya wa chaji ukainuka nayo.

Mchanga tulikuwa nao, tena wa kutosha. Jumamosi iliyopita, kwa hoja hiyo hiyo ya Injinia, Hakimu alipiga mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja, na huku Upareni mbiu ikilia huulizi kazi ya nini, unabeba zana unakwenda. Mama Honorata akaja na ndoo mbili kutoka korongoni, majirani arobaini wakamfuata, na sasa nyuma ya benchi kuna kilima cha malighafi ya taifa ambamo kuku wanaoga.

— Tunaupepeta, tunauchoma kwenye tanuri la matofali, akaendelea Injinia. Jumamosi mchanga, Jumatatu chipu.

— Kwa kuni zipi? nikamuuliza.

— Za mgunga. Chipu ya mgunga hailiwi na mchwa.

— Ngojeni kwanza nishtaki, akasema Hakimu. Kile kiwanda cha chipu kifike baraza la kata Alhamisi, saa tatu kamili.

— Kiwanda kiko ng'ambo, mzee, nikamwambia.

— Kwani mtendaji hana pikipiki?

Waziri hakupenda kupitwa. Akagonga kikombe.

— Kesi ndogo hiyo. Mimi natangaza Gari la Same. Magurudumu ya nyuma makubwa, ya mbele madogo, ili likipanda mlima abiria wakae sawasawa.

— Na likiteremka? akauliza Injinia.

— Linateremka kinyumenyume. Abiria bado wako sawasawa!

— Litakuwa na rivasi, basi.

— Rivasi hakuna. Sera ya taifa ni kusonga mbele.

Injinia akaomba kahawa nyingine. Nikawasha tena birika, mara ya tano siku hiyo.

Saa tano Asteria akarudi, na abiria nyuma yake: Naisenya, mama kutoka tambarare, mwenye galoni mbili za maziwa ya kupeleka mlimani. Alikuwa hajawahi kukaa kijiweni kwetu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, tukaitika.

Akaweka galoni chini, karibu ajikwae. Akatazama chini ya kiti cha bajaji, akatazama chini ya benchi.

— Samahani. Huu waya unatoka kwenye bajaji unakwenda wapi?

Waziri akatazama milima. Injinia akatazama mchanga. Hakimu, mtu wa kesi kumi na nne, akavua kofia akaanza kuichunguza ndani. Asteria akaufuata waya kwa kidole: chini ya benchi, kwenye kiboksi cha Injinia cha kugawia umeme, simu nne, redio, halafu birika langu. Birika lilikuwa likinguruma. Likakohoa, likanyamaza. Kwenye bajaji taa ya betri ikabaki mstari mmoja.

Mkaa ulipanda bei wiki tatu zilizopita. Nilikuwa naijua tarehe, na sikuwahi kuifikiria. Nilitamani kile kilima cha mchanga kinifukie.

— Mjomba Jabiri, akasema Asteria taratibu, nimiminie kahawa.

Nikainamisha birika. Ikatoka nusu kikombe, vuguvugu. Akainywa yote amesimama.

— Bajaji siiuzi, akasema. Hakimu, piga mbiu.

— Ya nini tena, mwanangu?

Asteria akaelekeza kidole mlimani. Akamtazama tu, na mzee akakumbuka desturi. Akapiga mbiu, sauti ikapanda hadi kona ya pili, na sote wanne tukasimama, tukafunga kamba za viatu. Magunia yalikuwa sita, mlima ni ule ule, na hakuna aliyeuliza.