Kifuniko cha Mpingo cha Leonard Huxtable

Ndugu, majirani, na nyinyi mafundi wa kukereza ambao tunajua mmesafiri mkitumaini pia kuliona kerezo lake, familia inawakaribisha, na kwa niaba yake ninawasomea safari ya baba yetu mpendwa.

Marehemu Leonard Huxtable alizaliwa tarehe 11 Machi 1941 hapa Barnstaple, Devon, mtoto wa pili wa seremala Wilfred na mkewe Edith, akasoma mjini hapa hadi mwaka 1956, ambapo mwalimu wake aliandika kwamba kijana huyu ana adabu kupita kiasi na hesabu zake ni za wastani, maneno ambayo baadaye yalitugharimu.

Mwaka huohuo alianza kujifunza ufundi Exeter, katika karakana ya ngazi za mbao, akadumu na kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2004. Tarehe 18 Juni 1966 alifunga ndoa na Beryl Luscombe wa Bideford, baada ya uchumba wa miaka saba, kwa kuwa marehemu hakuwa mtu wa kuharakishwa, nao wakajaliwa watoto wawili, Rosalind mwaka 1968 na mimi, Clive, mwaka 1971.

Mwaka 1979 alilikuta kwenye ghala la viazi huko Crediton kerezo la nakshi, mashine ya kale ya kukereza inayoendeshwa kwa mguu kama cherehani, limeota kutu, akalileta nyumbani vipande vipande na kulifufua kwa miaka kumi na mmoja, na tangu hapo mama alikuwa akisema, "Nimeolewa ukewenza na chuma." Vikasha vya mbao alivyovikereza humo vilinakshiwa maua membamba kama uzi, na msasa haukuvigusa kamwe, kwani aliamini kwamba kisu kikali hung'arisha chenyewe na msasa ni wa wavivu.

Mwaka 2018 marehemu alipatwa na ugonjwa wa kutetemeka, na tarehe 2 Novemba 2019 mama yetu akafariki dunia, mwili wake ukachomwa. Baba aliapa kwamba majivu ya mkewe hayatazikwa ndani ya kazi ya mtu mwingine, ila kwenye kikasha atakachokereza mwenyewe, basi mama akabaki kwenye kopo la plastiki, rafu ya jikoni, kando ya unga wa keki, nasi tukaingiwa na hofu kubwa kwamba baba atatutoka na kumwacha pale. Nilipomuuliza, "Baba, mama atakaa na unga mpaka lini?" alinijibu, "Mpaka nimalize, na usinihimize, mama yako alinisubiri miaka saba."

Kutetemeka hakukumzuia, maana kwenye kerezo la nakshi kisu hukazwa kwa skrubu, mguu huendesha mashine, na mkono huzungusha tu mpini wa kukisogeza. Kazi iko kwenye kuhesabu, kwani sahani ya shaba inayougeuza mbao hatua kwa hatua ina vitundu tisini na sita, kila baada ya vitundu vinne huchongwa ua moja, na ukiruka kimoja, ua la mwisho hukuta la kwanza limeshakalia nafasi yake. Alikuwa na vipande vitatu tu vya mpingo vyenye upana wa kutosha kifuniko cha kikasha hicho. Cha kwanza kiliharibika mwaka 2021, jirani yetu Doreen Pascoe alipochungulia dirishani na kusema, "Habari za asubuhi, Len, naona mvua inakuja," naye, kwa kuwa hakuweza kuiacha salamu bila jibu, akasema, "Inakuja kweli, Doreen," na hesabu ikapotea. Cha pili alikiharibu mwenyewe mwaka uliofuata, dawa zilipomsinziza, na siku ile alilia.

Tarehe 9 Septemba 2023, marehemu, ambaye hakuwahi kumruhusu mtu amhesabie, alimwita Rosalind akamwambia, "Hesabu wewe, mwanangu, mimi nitazungusha." Doreen alisimama getini tangu asubuhi akinyamazisha kila mpita njia, akimfukuza hata Mchungaji wetu aliyepo hapa, na jioni ua la mwisho likakaa sawasawa kando ya la kwanza, tukashusha pumzi iliyotukaa kifuani miaka minne.

Marehemu alifariki usingizini nyumbani kwake tarehe 14 Januari 2024, akiwa na miaka 82, bila maumivu, nasi tuna huzuni, lakini hatuna hofu tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, mafundi wenzake, Mchungaji kwa kusamehe, na Doreen, ambaye hana deni lolote kwetu.

Siku tulipomhamisha mama kutoka kwenye kopo, majivu yalijaza nusu tu ya kikasha, na Rosalind akamwambia baba kwamba safari hii amekosea vipimo, naye akacheka, akasema, "Sijakosea."

Pumzika kwa amani, Baba, nafasi yako ipo.