Meli ya Mwinjuma na Bruda Asiyejibu

Alfonsi alitoa siri ya mtu. Tuanze hapo, maana dhambi ikitangulizwa mbele hainuki sana. Alikuwa ameapa kwa Mama Bikira kwamba ataingia nayo kaburini, akaishia kuimwaga kule milimani Matombo, juu ya rundo la mahindi, mbele ya mzee aliyemdhania bubu.

Alfonsi ni fundi makochi hapa Mtoni. Mbele ya karakana yake kuna fremu ya kochi la watu watatu ambalo mwenyewe hakulirudia. Likapigiwa mbao, likawa kijiwe. Wenyeji wa kochi hilo, kila baada ya swala ya alasiri, ni Mzee Muhdhar mwenye dele la kahawa na sinia la kashata; Sadallah wa bajaji, aitwaye Intaneti kwa kuwa hakuna asilolijua; na Mwinjuma, maarufu kama Kapteni, ambaye miaka nenda rudi anasimulia alivyokuwa mpishi kwenye meli za Japani.

Siku hiyo Alfonsi alikaa pembeni, kahawa ikimpoa mkononi. Alikuwa amewaambia kwamba anakuja mgeni, Bruda Adelard, anayeshuka mjini kutazamwa macho, kutoka kule alikokwenda yeye kusali juma zima. Kule watu wanaishi pamoja kwa jembe na sala. Wanalala kwenye mikeka, wanachota maji kisimani, na simu ya mgeni inawekwa kapuni mlangoni mpaka siku ya kuondoka. Umeme hawana.

— Hawana kwa kukosa au kwa kupenda? Mzee Muhdhar akauliza.

— Kwa kupenda, mzee wangu.

— Sie hapa ukikatika tunaishi hivyohivyo, na hakuna anayetuita watakatifu.

Intaneti alikuwa na jibu lake. Binadamu hawezi kuweka simu kapuni bure, ishu lazima iko ardhini. Wale wamekalia madini.

— Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Ukiona mtu yuko kivulini anasali, jua huko juani kuna kitu kakificha.

Mzee Muhdhar akasema madini gani, wale ni wanaume waliokimbia wake zao. Alfonsi akamwambia kuna wanawake pia. Mzee akafikiri, akamimina kikombe.

— Basi hao wamekimbia waume.

Kapteni alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesubiri watoto wamalize. Mie nimeona dunia, akasema. Giza, mikeka, chakula kidogo, kunyamaza: hayo ni mazoezi ya safari ndefu. Melini walikuwaga wanawazoesha hivyo mabaharia wapya. Intaneti akamkumbusha kwamba Matombo hakuna bahari.

— Nani kasema wanaenda kwa bahari? Wanaenda mwezini. Wanahitajika watu waliokwisha kuzoea kukaa bila mtandao. Mwenda tezi na omo, braza.

Walicheka wote isipokuwa Alfonsi. Mwaka juzi Mwinjuma aliugua malaria ya kupanda kichwani, akadhani anakufa, akamshika fundi mkono na kumwambia ukweli wa meli zile. Alipona. Alfonsi akaufungia ukweli huo kifuani, ukakaa salama mpaka alipofika milimani. Siku ya kwanza, msimamizi alipokuwa akiwaeleza wageni taratibu za pale, yeye alikuwa nyuma ya nyumba ameinua simu juu, anatafuta mtandao kabla haijaingia kapuni. Kwa hiyo hakusikia utaratibu mmoja: mikono ikiwa kazini, mdomo unapumzika. Akapangwa kupukuchua mahindi na mzee asiyejibu kitu, akajisemea, masikini, bubu. Na bubu ni rahisi kumwambia mambo. Alimwambia ya karakana, ya ndoa yake, ya kijiwe, na jua lilipokuwa kali akamwambia na ya Mwinjuma. Gunia lilipojaa, mzee akajipangusa mikono na kusema kwa sauti nzuri kabisa: Ahsante, mwanangu. Nikija Dar nitapita kuwaona.

Mzee huyo ndiye Bruda Adelard, na ndiyo maana kahawa haikushuka.

Bruda alifika kwa miguu kutoka kituoni, kofia ya ukindu kichwani, begani kiroba cha mahindi yasiyopukuchuliwa, zawadi kwa mwenyeji wake Alfonsi. Intaneti akampokea mzigo na shikamoo. Mzee Muhdhar akamkaribisha kwa kashata. Bruda akawaamkia, akauliza majina, akakinywa kikombe chake kwa shukrani. Kisha akafungua kiroba, akachukua hindi moja, akaanza kupukuchua. Na mdomo ukapumzika.

Kijiwe hakikuzoea. Kimya kile kilikaa katikati yao kama shimo lisilofunikwa, kila mtu akaona atupie kitu. Wakachukua mahindi nao. Intaneti, bila kuulizwa, akasema kweli habari nyingi huwa anasoma kichwa tu. Mzee Muhdhar akakiri kwamba tangawizi ikiadimika huzidisha pilipili manga. Bruda akaitikia kwa kichwa, punje zikidondoka.

Ndipo Kapteni akaanza ya dhoruba ya Yokohama. Alfonsi akatazama chini. Mawimbi yakapanda, sufuria zikaruka, nahodha akaja jikoni kumshika mkono. Bruda alisikiliza tu. Kapteni akapunguza mwendo. Akarudia ya sufuria. Akalitua hindi mapajani.

— Sijafika Yokohama mie. Nilikuwa namenya vitunguu kantini ya bandarini. Mabaharia ndio waliokuwa wakisimulia. Hata Unguja sijavuka.

Alfonsi alisimama.

— Mwinjuma, ndugu yangu, mie nilishamwambia haya. Nilikula kiapo nikakitapika. Nisamehe.

Mwinjuma alimsogezea nafasi kwenye kochi. Alfonsi angependa atukanwe, yaishe.

— Kaa, fundi, alisema. Kumbe nimejisumbua. Wazee wangu, na nyie nisameheni.

Mzee Muhdhar alikuwa akipuliza maganda kwenye kiganja chake.

— Tukusamehe nini? Meli ya Kijapani inayopika dagaa na ugali kila siku ya Mungu. Tunajua siku nyingi.

— Toka mie nipo shule, Intaneti akaongeza.

Bruda Adelard akaweka hindi chini, akajipangusa mikono. Wote wakageuka.

— Kama mlikuwa mnajua, mbona kila siku mnamwuliza bahari ilikuwaje?

Intaneti aliinama kuokota punje zilizodondoka. Mzee Muhdhar aliinua dele, akalitikisa; lilikuwa tupu. Alfonsi alimtazama Mwinjuma na Mwinjuma akatazama magunzi. Bruda hakuuliza tena. Alichukua hindi jingine.

Nami nimekwisha kukusimulia, kwa hiyo sasa tuko wengi tunaojua. Nakuomba kitu kimoja. Siku ukipita Mtoni, ukaliona kochi lisilo na mito, keti, mwitie Mwinjuma kahawa, umwulize bahari ilikuwaje.